Mwandishi Aliyelala Wodi ya Wanawake

Magazeti mimi sinunui. Huletwa na makochi. Mtu akinipa kochi lake nilivishe upya, namwomba na magazeti ya zamani ya kutandaza chini, gundi isije ikanigandisha na sakafu yangu mwenyewe. Kwa hiyo habari za nchi huzipata zimechelewa, na nyingi zina doa katikati. Sijali. Wakubwa wanaokula leo ndio waliokula mwaka jana. Ukisoma la zamani umesoma na jipya.

Kusoma kwangu si kwa mbio. Shule niliiacha kabla haijanizoea. Neno refu nalisoma mara mbili, kwanza kulivunja, halafu kuliunga. Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti nakata sponji ya kochi la watu watatu, nikaona kwenye gazeti picha ya dirisha lenye nondo zilizopinda. Zile nondo nazijua. Ni dirisha la wodi ya wanawake, hospitali kuu, na chini yake ndipo kilipokuwa kitanda cha mke wangu.

Nikaweka kisu pembeni.

Makala ilikuwa ya yule bwana mwenye ukurasa wake kila Jumapili, mwenye kapicha amejishika shavu kama anaumwa jino. Alieleza alivyomuuguza mama yake mpaka akamzika. Alilala sakafuni chini ya kitanda cha mama, mkeka mmoja yeye na mende. Akasema bomba la wodi bovu, wauguzaji wanachota maji uani. Kweli. Akasema magodoro yamepasuka, wagonjwa wanalalia chuma. Kweli tupu, Mungu ampe maisha marefu. Kisha akafika kitanda cha dirishani.

"Hapo alilala mke wa fundi mmoja," aliandika, "kichwani kitambaa cha njano chenye alama ya pasi pembeni. Siku yake ya mwisho alinishika mkono, akaniambia: Mwambie mume wangu asilie. Upendo wetu ni mshumaa usiozimika. Nitamngoja ng'ambo ya mto. Halafu akafumba macho."

Kitambaa hicho nilikipiga pasi mimi, asubuhi tuliyompeleka hospitali. Macho yalikuwa kwake, kikaungua pembeni. Mke wangu akacheka, akakivaa hivyohivyo.

Niseme sasa kwa nini nilibaki pale chini mpaka gundi ikakauka kwenye brashi. Siku mke wangu alipofariki, mimi sikumwona. Nilifika saa ya kuona wagonjwa na chupa yangu ya chai, nikakuta mlango umefungwa. Bawabu wa mlango ule watu walimwita Komeo, maana akishasimama hapo hapiti hata nzi. Akaniambia, "Leo huingii, mzee. Amri ya juu." Nikamuuliza juu wapi, kwenye paa? Akatazama pembeni. Nikapiga kelele mpaka sauti ikaniishia. Wenzangu nikawaona wanapita mlango wa upande, nikajua tu, hao wana watu wao huko ndani. Sisi wengine ni wa kusubiri. Nikarudi nyumbani, na kabla jua halijazama habari ikanifikia.

Tangu hapo nina kesi na mkuu wa hospitali ile, kesi isiyo na hakimu. Naiendesha mwenyewe kila siku nikigonga misumari.

Na jambo moja lilinikaa kooni: mke wangu alisema nini mwisho? Aliyekuwa naye ni mdogo wake, shemeji yangu, ndiye aliyevaa kadi ya muuguzaji shingoni. Kila kitanda kadi moja, mwenye kadi ndiye anayelala ndani. Nilimuuliza zaidi ya mara moja. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Alilala tu, shemeji. Kama mtu aliyechoka."

Sasa huyu hapa mtu anasema alishikwa mkono.

Nilifurahi, sikatai. Halafu nikaanza kujiuliza. Mke wangu aseme "mshumaa usiozimika"? Kwetu umeme ukikatika, mshumaa ukiwashwa, yeye ndiye wa kwanza kusema, "Zima huo, unaisha, hatusomi Kurani wala Biblia hapa, tunaongea tu." Na hakuniita mume wangu. Aliniita Waziri wa Malalamiko. "Waziri ameamka vibaya leo." "Waziri, chai ipo tayari, lalamika ukiwa umekaa." Lakini mgonjwa naye hubadilika. Nani ajuaye mtu anasema nini akiwa amefika pale?

Jambo la pili, mwanaume halali wodi ya wanawake. Kengele ikilia tunafagiliwa wote, awe mume, awe mwana. Hilo nikalipatia jibu upesi: ni mtu wa gazeti. Wakubwa kwa wakubwa. Mimi mume nilifungiwa nje, yeye akatandikiwa ndani. Hasira ikanipanda, lakini chini ya hasira kulikuwa na hamu. Nilitaka kumwona. Nilitaka kumuuliza alisema kwa sauti gani.

Kwanza nikaenda kwa shemeji. Yeye ni msusi, ana chumba kimoja chenye vioo viwili, na nilimkuta na mteja mnene kichwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama kama imeona jini.

"Karibu shemeji! Umekuja kusukwa?"

"Nisuke nini, upara?"

Mteja akacheka mpaka shemeji akamrudisha kichwa kwa nguvu. "Tulia mama, nitakupasulia njia mpaka mgongoni hapa."

Nikampa gazeti. Akalisoma amesimama, kitana mdomoni. Nilimtazama usoni jinsi ninavyotazama kochi la mteja anayesema "limechakaa kidogo tu". Alipofika katikati akakitoa kitana mdomoni.

"Huyu hakuwepo," akasema.

"Unajuaje? Labda ulikuwa umetoka kuchota maji."

"Shemeji, mwanaume alale wodi ya wanawake asionekane? Hata angekuwa sisimizi tungemwona."

"Basi kitambaa alikijuaje?"

Akageukia nywele za mteja, vidole vikaanza kwenda mbio. "Labda kaota. Hawa watu wa magazeti wanaota na kulipwa."

"Na maneno?"

"Maneno gani?"

"Ya mshumaa."

Mteja akaingilia, "Mazuri lakini. Wangu mimi hata nikifa atauliza rimoti iko wapi."

Shemeji hakucheka. Akasema polepole, "Achana nayo, shemeji. La kuvunda halina ubani." Akanirudishia gazeti bila kunitazama. Huyu ni mtu ambaye hata msibani hunitania. Nilitoka pale najua mambo mawili: mwandishi ana la kueleza, na shemeji naye analo.

Kesho yake nikaenda ofisi za gazeti. Nilibeba mfuko wangu wa vifaa, maana nilikuwa nitoke hapo niende kwa mteja. Mlinzi akauona mfuko, akaona nyundo.

"Wewe ndiye fundi wa viti?"

"Ndimi."

"Umechelewa, mzee. Mhariri mgongo unamuuma tangu juzi. Pita, ghorofa ya kwanza, chumba kikubwa."

Sikudanganya. Mimi ni fundi wa viti. Kama angeniuliza kama mimi ndiye fundi aliyeitwa, hapo ningefikiria.

Chumba kikubwa kilikuwa na meza zimebanana, kila meza kompyuta na kikombe kisichooshwa. Nilitazamia kelele, nikakuta watu wanabofya kimya kama wanachambua mchele. Nikamtambua mwandishi kwa shavu lile la pichani. Hakuwa mtu mzima sana, shati limenyooka, miwani. Jirani yake alikuwa binti mmoja anayeandika mambo ya mpira, niliona picha za wachezaji zimebandikwa mbele yake.

Mtu akikwambia amefiwa, hata kama ni kwa gazeti, ukikutana naye unaanza na pole. Ndivyo tulivyolelewa. Nikasimama mbele yake, nikatoa kofia.

"Pole sana, kaka, kwa msiba wa mama."

Akainua kichwa. Kabla hajajibu, binti wa mpira akageuka na kiti chake chote.

"Mama yake amefariki? Lini? Si alikuwa hapa wiki iliyopita anamgombeza hajampeleka kupima macho?"

Mwandishi akavua miwani, akaivaa tena. "Ni mama wa kwenye makala," akasema chini chini.

"Kuna mama wa kwenye makala na mama wa nyumbani?" nikamuuliza. Niliuliza kweli, sikumkejeli. Nilidhani pengine ni utaratibu wao.

Binti akarudi kwenye mpira wake, lakini masikio aliyaacha kwetu.

"Samahani, mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ni mume wa kitanda cha dirishani."

Akatazama nyundo kwenye mfuko wangu. Nikamwambia, "Usiogope, hiyo ni ya viti. Sikuja kugombana. Nataka kujua vitu vidogo tu. Alisema kwa sauti au kwa kunong'ona? Alikuwa ametazama upande gani?"

"Upande wa… dirisha," akasema.

Mnajua, nilikaribia kuridhika. Nilikwisha kuliona dirisha. Nilikwisha kumwona amegeuza shingo. Kama angenyamaza hapo ningemshukuru nikaenda zangu. Lakini uso wake ulikunjika, akasema, "Hapana. Mzee, hapana. Mimi sikumwona mke wako. Nisamehe."

Nikavuta kiti kilichokuwa kitupu nikakaa. Nikamwambia anieleze mwanzo mpaka mwisho, maana nilitaka kuelewa mtu anaanzaje. Mimi nikitengeneza kiti, nina mbao, nina kitambaa. Yeye alikuwa na nini?

Alikuwa na mchana mmoja. Alikwenda hospitali kuulizia habari za magodoro, wakamzuia mlangoni kama mimi. Akakaa uani, pale wauguzaji wanapochota maji. Akamkuta mwanamke analia, amekuja kurudisha kadi ya muuguzaji. Wakazungumza mpaka ndoo ikafurika. Yule mwanamke alimweleza yote: bomba, mende, chuma, kitambaa cha njano. Akarudi ofisini akaandika "niliambiwa".

"Mhariri akairudisha," akasema. "Akaniambia 'niliambiwa' haisomwi na mtu. Msomaji anataka 'nilikuwepo'. Nikaweka nililala. Ukishalala lazima uwe na mgonjwa wako. Nikaweka mama."

"Ukamzika."

"Hakuwa na namna ya kuishia, mzee."

"Na maneno ya mke wangu?"

Akainamisha kichwa. "Yule mwanamke nilimuuliza. Akasema, 'Alisema neno, lakini hilo haliandikwi.' Nikabaki na shimo. Nikaziba na langu."

"Mwanamke huyo anafanya kazi gani?"

"Msusi."

Hapo ndipo kiu iliponishika kweli. Mpaka dakika ile nilikuwa nafukuza maneno ya mshumaa, kama ni yake au si yake. Kumbe nyuma yake yapo mengine, yapo hai, na yanasuka nywele mtaa wa pili.

"Fundi!" Sauti ikatoka chumba cha kioo. "Kiti changu kiko huku!"

Nikaingia. Mhariri alikuwa mama wa makamo, mkono kiunoni kwa maumivu. Nikakipindua kiti chake, maana kazi ni kazi, na pia kwa sababu nyingine: mhariri akawa hana pa kukaa, tukazungumza wote tumesimama. Nikamwambia mimi ni nani. Akafunga mlango.

"Baba, pole sana kwa kufiwa," akasema, na ninaamini alimaanisha. "Jambo hili tutalishughulikia ndani."

"Ndani mnalishughulikiaje? Mnamfukuza?"

"Unataka afukuzwe?"

Swali hilo sikulitegemea. Nikafikiri. "Mimi nataka yale maneno yaondolewe mdomoni mwa mke wangu. Muandike kwamba hakuyasema."

Akavuta pumzi. "Sikiliza, baba. Mkuu wa hospitali ameshatuandikia mara mbili. Anasema hakuna mwanaume aliyewahi kulala wodi ile, kwa hiyo yote ni uongo. Nikikiri leo kwamba kijana hakulala, kesho yeye atasema hata bomba ni zima. Magodoro ni mapya. Hakuna aliyekufa. Wewe uliyefiwa, unataka kumpa zawadi hiyo?"

Mnaona wakubwa walivyo? Mmoja alinifungia mlango uliopo, mwingine amefungua mlango usiopo, na wote wawili wananitaka mimi niushike. Nikamwambia, "Mama, ungemwacha aandike 'niliambiwa', bomba lingekuwa bovu mpaka leo na hakuna wa kulikana."

"Hakuna ambaye angesoma."

"Mimi ningesoma. Mimi husoma hata matangazo ya minada."

Alicheka kidogo, kisha akaniahidi watachapa masahihisho. Nikamkazia springi, nikakirudisha kiti. Akakaa, akasema, "Ah!" Hivyo ndivyo nilivyomwacha, mgongo umepona.

Sikwenda kwa mteja. Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Hakuwa na mtu, alikuwa anafagia nywele.

"Nimetoka kwa mtu uliyezungumza naye bombani," nikasema.

Ufagio ukasimama. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo, mimi nikasimama nyuma yake. Tulizungumza hivyo, kila mmoja akimwona mwenzake kwenye kioo.

"Alisema nini, shemeji?"

"Utaumia."

"Nimeumia mwaka mzima. Nipe sababu tu."

Akaulaza ufagio miguuni. Halafu akasema, na alimwigiza dada yake sauti bila kujua, "Alisema, 'Mwambie Waziri asije leo. Akija atagombana na watu, na mimi leo nataka kulala.'"

Nikashika mgongo wa kiti alichokalia.

"Mimi ndiye niliyemwendea Komeo," akaendelea. "Nilimwambia, 'Akija shemeji yangu mwambie ni amri ya juu.' Komeo akauliza kwa nini amri ya juu. Nikamwambia, 'Ukimwambia ni mkewe kasema, hataamini. Amri ya juu ataiamini hapo hapo.'"

Na niliiamini. Kweli niliiamini hapo hapo.

"Mimi nilikuwa nampigania," nikasema.

"Ulikuwa unampigania, nani kakataa? Lakini shemeji, wewe ukishamaliza kumtukana nesi unabeba chupa yako unaondoka. Sisi tunabaki naye. Ile sindano ya jioni anakuja kuichoma nani kama si huyohuyo? Dada alikuwa anajifanya amelala ukianza. Ukitoka anafumbua jicho moja, ananiuliza, 'Ameshajiuzulu?'"

Hapo akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Na mimi, sijui nieleze vipi, kicheko kilinijia pia, kwa sababu nilimsikia. Huyo ndiye. "Ameshajiuzulu?" Hayo ni maneno ya mke wangu, hayana mshumaa wala mto.

"Bomba lakini lilikuwa bovu," nikasema.

"Lilikuwa bovu, shemeji."

"Na magodoro."

"Na magodoro. Nani kasema hayakuwa mabovu?"

Akauliza kama nimemkasirikia. Nikamwambia bado sijajua, akishanipa chai nitajua.

Nilirudi kwangu na jambo ambalo sikujua niliweke wapi. Mwaka mzima nilikuwa na mtu wa kumlaumu kwa siku ile, na nilikuwa nimemzoea. Mkuu wa hospitali bado ana makosa yake, sitamwondolea hata moja: maji, magodoro, dawa zinazopitia dirisha la nyuma. Ila ule mlango si wake. Ule mlango aliufunga mke wangu mwenyewe, kwa mkono wake, akageuka akalala. Kuna asubuhi nilikasirika naye nikaongea na chumba kitupu. Kuna asubuhi niliona ni haki yake. Mtu akichoka amechoka, hata kama anayemchosha anampenda.

Masahihisho yakatoka. Kwa mara ya kwanza maishani nilinunua gazeti. Yalikuwa pembeni chini, karibu na tangazo la viwanja: "Katika makala yetu kuhusu wodi ya wanawake kulikuwa na kasoro ndogo za uhariri. Tunasikitika kwa usumbufu." Nikayasoma mara mbili nikimtafuta mke wangu humo. Hayumo. Kasoro ndogo. Usumbufu.

Hospitali nao hawakulala. Mkuu wao aliyabandika masahihisho yale kwenye ubao wa mlangoni, akaandika kwa kalamu nyekundu juu yake kwamba uongo umejulikana. Shemeji alipita hapo na mteja wake ambaye mwanawe alikuwa amelazwa. Akaniambia, "Ubao wameupaka rangi mpya kabisa. Maji bado tunachota uani." Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya hawa ndefu na ina lami.

Yule mwandishi akaja karakanani kwangu. Alikuja kwa miguu, shati bila pasi. Nilikuwa napambana na kochi la kona, peke yangu, limenilalia nusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Nimepewa likizo. Ukurasa wameufunga mpaka watu wasahau. Nikirudi nitafundisha wanaoanza kazi."

"Utawafundisha nini?"

"Makala za mambo binafsi."

Nikaweka nyundo chini nimtazame kama anatania. Hakuwa anatania. Nikamuuliza, "Na mhariri?"

"Yupo."

"Bila shaka yupo. Na mama yako?"

Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Alisoma. Binti wa michezo alimpelekea. Hajaongea na mimi mpaka sasa. Ananiwekea chakula mezani, anauambia ukuta, 'Marehemu amepika.'"

Nilicheka, nikampenda yule mama bila kumjua. Nadhani hiyo ndiyo adhabu pekee aliyoipata kijana yule, na aliipata kwa mtu asiye na cheo chochote.

Alisimama akizungusha kofia yake. Niliona anatafuta mlango wa kuingilia. Mwisho akasema, "Mzee, nataka kuiandika upya. Sawasawa. Niseme sikuwepo, niseme niliambiwa na nani, niseme na bomba. Mhariri akikataa nitapeleka kwingine. Kilichobaki ni kimoja tu." Akainua macho. "Alisema nini?"

Niliielewa hamu ile. Ilikuwa yangu mwaka mzima. Na niseme ukweli, ilinijia kumpa yote: Waziri, amri ya juu, Komeo, jicho moja. Ingesomwa, hiyo. Watu wangecheka mabasini. Na mkuu wa hospitali angeibandika ubaoni pia: mnaona, hata mkewe alimkimbia.

Lakini haikuwa hilo tu. Mke wangu alikuwa ametaka jambo moja, asisumbuliwe, na kwa siku moja alilipata.

"Alisema anataka kulala," nikamwambia.

Akasubiri. Mimi nikachukua msumari.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Hakuna… kwako, labda? Hakukutaja?"

"Umeuliza alisema nini, nimekujibu. Ukitaka cha kuongezea, unajua mwenyewe kinakotoka."

Aliinama, akatazama sakafu, magazeti yaliyotandazwa, nyuso za mawaziri zimejaa gundi. Halafu akarudia polepole, kama mtu anayeonja, "Anataka kulala." Akatikisa kichwa. "Mhariri atasema haina mwisho."

"Haina," nikasema. "Hebu shika huo upande tugeuze hili kochi, lakini pinda magoti, usije ukavunja mgongo ukaenda kulala kule wodini kweli."